Maisha ya Dennis Ritchie na Daftari la Diski

Wasomaji wa gazeti letu wanajua majina ya matajiri wa kompyuta, lakini nikitaja jina la Dennis Ritchie darasani wenzangu wengi hukaa kimya. Kwa hiyo nimeona vema muhula huu niandike kwa kifupi habari za maisha yake, na hasa habari za kazi moja ndogo iliyoanzia kwake na wenzake, ambayo ingali inawahangaisha mafundi mpaka leo.

Dennis MacAlistair Ritchie alizaliwa tarehe 9 Septemba 1941 huko Bronxville, jimbo la New York, Marekani, akakulia Summit katika jimbo la New Jersey. Baba yake alikuwa mtaalamu wa Bell Labs, maabara kubwa ya kampuni ya simu. Kijana Dennis alisoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, akapata digrii yake mwaka 1963, kisha akageukia hisabati. Kufika mwaka 1968 alikuwa amekwisha andika tasnifu ya udaktari, lakini hakuikabidhi nakala iliyojalidiwa kama ilivyotakiwa, basi shahada hakupewa. Hata hivyo tangu mwaka 1967 alikuwa ameingia kazini Bell Labs, pale pale alipofanya kazi baba yake.

Wakati ule Bell Labs ilishirikiana na wengine kutengeneza Multics, mfumo mkubwa wa kuendesha kompyuta. Kazi ikachelewa, gharama zikazidi, na mwaka 1969 Bell Labs ikajitoa. Mwenzake Ritchie, Ken Thompson, akapata kompyuta ndogo ya PDP-7 iliyokuwa haina kazi nyingi, akaanza kuiundia mfumo mwepesi, na Ritchie akaungana naye. Huo ndio Unix. Mwaka 1972 Ritchie alikuwa ameunda lugha ya programu iitwayo C, na mwaka 1973 kiini cha Unix kikaandikwa upya kwa lugha hiyo. Kwa sababu hiyo Unix iliweza baadaye kuhamishwa kutoka kompyuta ya aina moja hadi nyingine.

Sasa nije kwenye ile kazi ndogo. Katika Unix mafaili yote yamo katika mti mmoja wa folda, wenye shina moja na matawi mengi. Lakini diski za siku zile zilikuwa ndogo. Diski moja ya kubadilisha ilibeba kama baiti milioni 2 na nusu tu. Ikawa lazima diski nyingi zitumike. Basi wakabuni amri ya mount, nami nitaiita kupachika: diski nzima hupachikwa juu ya folda moja ya mti, na tangu hapo anayeingia katika folda hiyo huwa ameingia katika diski ile bila kujua kwamba amevuka mpaka. Kitabu cha kwanza cha maelezo ya Unix, cha tarehe 3 Novemba 1971, chenye majina ya Thompson na Ritchie, tayari kina amri hiyo.

Uzuri wa jambo hili ni kwamba kiungo hakionekani, na hatari yake ni hiyo hiyo. Tuseme karani ana programu ya kunakili kazi zake kila usiku katika diski ya akiba. Siku moja diski ile haikupachikwa. Folda yenyewe ipo palepale, ila ni tupu, nayo ni sehemu ya diski ya kwanza. Programu itanakili bila kulalamika, na karani atalala akiamini ana nakala mbili mahali pawili, kumbe zote ziko katika diski moja. Diski hiyo ikifa, zimekufa zote. Kwa hiyo yapasa mfumo uwe na njia ya kuiambia programu ni diski gani iliyopachikwa, na wapi.

Katika miaka ya 1970 njia hiyo ilikuwa faili lililoitwa mtab, ndani ya folda ya etc. Kila diski iliandikiwa baiti 64: 32 za kwanza jina la mahali ilipopachikwa, na 32 za pili jina la diski. Lakini kiini cha mfumo hakikulitegemea faili hilo. Kilikuwa na orodha yake chenyewe katika kumbukumbu ya kompyuta, na maelezo ya Unix yalikiri kwamba mtab ipo kwa ajili ya watu kuitazama tu. Kwa maneno mengine palikuwa na madaftari mawili ya stoo moja. Umeme ukikatika ghafula, kiini husahau yote, lakini mtab huendelea kudai kwamba diski zimo.

Dawa ilipatikana kwa kumwachia mwenye mali aseme mwenyewe. Katika Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 kwa kufuata mfano wa Unix, kuna folda iitwayo proc, na ndani yake faili liitwalo mounts. Faili hilo halimo katika diski yo yote. Ukiuliza ukubwa wake utaambiwa ni sifuri, lakini ukilifungua, kiini hukuandikia orodha yake papo hapo. Mimi nimelijaribu katika kompyuta yenye Linux: nilipochomeka flashi na kuipachika, mstari mpya ulitokea, nilipoipachua, mstari ukatoweka. Mwaka 2008 likaongezwa faili la mountinfo, ambalo hutaja namba ya kila kilichopachikwa na namba ya mzazi wake, hata mti wote uweze kuchorwa. Mwaka 2024 zikaja njia za programu kukiuliza kiini habari za diski moja tu, bila kusoma orodha nzima.

Ritchie naye hakukaa na sifa za zamani. Yeye na wenzake wa Bell Labs walitengeneza mfumo mwingine, Plan 9, ambamo kila programu iliweza kuwa na mti wake na orodha yake yenyewe ya vilivyopachikwa. Linux ilianza kufuata mpango kama huo mwaka 2002, na simu za Android tulizo nazo mikononi zinautumia kutenga programu moja na nyingine.

Mwaka 1983 Ritchie na Thompson walipewa Tuzo ya Turing, na mwaka 1999 Rais Clinton akawapa Nishani ya Taifa ya Teknolojia. Ritchie alistaafu mwaka 2007. Tarehe 12 Oktoba 2011 alikutwa amefariki nyumbani kwake Berkeley Heights, New Jersey, akiwa na umri wa miaka 70. Wiki moja kabla yake alikuwa amefariki Steve Jobs, na magazeti ya dunia yalijaa habari za Jobs. Habari za Ritchie zilipita kimya kimya, ingawa simu na kompyuta za Jobs nazo zilijengwa juu ya misingi ya Unix na lugha ya C.

Ndugu wasomaji, sisemi kwamba vyeti na sifa ni kitu duni. Nasema kwamba mtu huyu alikosa shahada, na sifa zake zilikuwa chache kuliko kazi yake, lakini kazi ikabaki. Nanyi mnaohifadhi kazi zenu katika flashi, kabla ya kunakili, itazameni kwanza orodha ya kiini mwone kama flashi imo. Msiridhike kwa kuiona folda tu.