Gaston Planté: Mfaransa aliyevumbua betri inayochajiwa upya

MKAZI wa Uchindile, kwenye njia ya reli ya TAZARA, anapowasha taa ya sola saa mbili usiku, jua limekwishazama. Umeme anaoutumia ulihifadhiwa mchana ndani ya betri yenye madini ya risasi na tindikali. Aliyegundua namna ya kuuhifadhi hivyo ni mwanasayansi Gaston Planté, na maisha ya kazi yake yanaeleza kwa nini betri nyingi za majumbani hufa mapema.

Planté alizaliwa Aprili 22, 1834 katika mji wa Orthez, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Mwaka 1854 alianza kazi ya usaidizi katika somo la fizikia kwenye chuo cha Conservatoire des Arts et Métiers jijini Paris. Mwaka uliofuata aligundua karibu na jiji hilo mabaki ya ndege mkubwa wa kale asiyeweza kuruka. Ndege huyo aliitwa Gastornis, kutokana na jina la kijana huyo.

Hata hivyo, kilichomjengea jina zaidi ni umeme. Enzi hizo betri zilikuwepo, lakini zikiisha nguvu ilibidi kemikali zake zibadilishwe. Mwaka 1859 Planté alichukua mabamba mawili ya risasi, akayatenganisha kwa vipande vya mpira, akayaviringisha pamoja kama mkeka na kuyatumbukiza katika tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji. Alipoyapitishia umeme yaliuhifadhi, na baadaye yakaurudisha. Mwaka 1860 aliionyesha Akademia ya Sayansi ya Ufaransa betri ya seli 9.

Kazi ilikuwa ya subira. Betri mpya ilishika umeme kidogo sana, hivyo ilimlazimu kuichaji na kuimaliza mara nyingi ili uso wa risasi uwe kama sponji. Mwaka 1881 Mfaransa mwenzake, Camille Faure, alipaka mabamba hayo uji mzito wa oksidi ya risasi. Tangu hapo betri zikatengenezwa haraka na kwa wingi, zikawasha hata taa za mabehewa ya treni.

Planté alifariki Mei 21, 1889 akiwa na umri wa miaka 55. Kanuni aliyoiacha haijabadilika. Betri inapotumika, mabamba yake, ambayo mafundi huyaita pleti, hufunikwa na salfeti ya risasi na tindikali huelekea kuwa maji. Ikichajiwa mapema, salfeti huyeyuka na kurudi ilikotoka. Ikiachwa tupu kwa wiki kadhaa, salfeti hugeuka chembe ngumu na betri haishiki tena chaji.

Hapo ndipo fedha za wengi hupotelea. Betri ya gari ina pleti nyembamba, iliyoundwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini. Betri ya sola ina pleti nene zinazostahimili kutumika usiku kucha na kuchajiwa kesho yake. Anayefunga ya gari kwa kuwa ni rahisi hujikuta akinunua nyingine mapema.

Hata ya sola haitakiwi kumalizwa. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini inashauriwa kutumia nusu tu, yaani 600. Taa nne za wati 5 na televisheni ya wati 40 kwa saa tano hula wati-saa 300. Kwa hesabu hiyo, nyumba inaweza kuvuka siku mbili za mawingu ya masika. Betri iliyopumzika ikisoma volti 12.7 imejaa, 12.2 ni karibu nusu. Kidhibiti chaji, kile kiboksi cha kati ya paneli na betri, kisirukwe, kwani huzuia betri isichajiwe kupita kiasi.

Kwa betri yenye vifuniko vya kufungua, maji yakaguliwe kila mwezi na pleti zisiachwe wazi. Huongezwa maji ya betri yasiyo na tindikali wala chumvi, si ya kisima wala ya bomba, na ni baada ya betri kujaa chaji. Vichwa vya nyaya visafishwe na kupakwa grisi. Kwa kuwa betri ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka, ikae penye hewa, mbali na moto, koroboi na vitanda vya watoto. Joto nalo huifupishia maisha, hivyo isiwekwe chini ya bati kali.

Planté alitumia muda mwingi kuijenga betri yake kwa kuichaji tena na tena. Mwenye nyumba hahitaji subira kiasi hicho. Kuzima televisheni mapema siku ya mawingu ni nafuu kuliko kununua betri nyingine.