William Cooper: Tabibu wa mifugo aliyeugeuza upele kuwa biashara

Wingwi, katika wilaya ya Micheweni kisiwani Pemba, mbuzi ni akiba ya nyumba. Mnyama anapoanza kujikuna ukutani, kunyonyoka manyoya na kuota magamba masikioni, mwenyewe huanza kuhesabu hasara. Bei inashuka na maziwa yanapungua. Ikikaribia Idi ya kuchinja hasara huzidi, kwani kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi visiwani, mnyama mwenye upele hafai kwa udhiya.

Hasara ya namna hiyo ndiyo iliyomfungulia William Cooper mlango wa biashara, karne moja na nusu na zaidi iliyopita.

Cooper alizaliwa mwaka 1813 katika jimbo la Shropshire, Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 alihamia Berkhamsted, mji mdogo kaskazini magharibi ya London, akawa anajipatia riziki kwa kutibu mifugo. Wakati huo sufi ilikuwa mali kubwa, na adui yake alikuwa upele wa kondoo. Ugonjwa huo huletwa na utitiri, mdudu mdogo mno anayeishi juu ya ngozi. Kondoo hujikuna mpaka sufi ikatoka mabonge mabonge, akakonda na pengine akafa.

Tiba ya zamani ilikuwa kumpaka mnyama lami iliyochanganywa na siagi, huku sufi ikipanuliwa kwa vidole mstari kwa mstari. Ilikuwa kazi ya kutwa nzima kwa kondoo wachache tu, na ujira wa wapakaji ulimlemea mwenye kundi. Wengine walichemsha tumbaku au kutumia zebaki, kila mmoja kwa kipimo chake.

Cooper alijaribu michanganyiko ya aseniki na salfa, na mwaka 1852 akatoa unga uliofungwa kwenye pakiti. Mfugaji alitakiwa kuuchanganya na maji na kumtumbukiza kondoo ndani yake. Faida ilikuwa katika mambo mawili. Kwanza, kundi zima liliweza kuogeshwa kwa muda mfupi. Pili, unga ni mwepisi kusafirisha kuliko dawa ya maji, na Berkhamsted ilikuwa na mfereji wa majahazi na reli. Pakiti zikatoka kiwandani kwake zikafika mpaka nchi za ng'ambo zenye kondoo wengi.

Cooper alifariki mwaka 1885, na biashara ikabaki mikononi mwa watoto wa ndugu zake. Mwaka 1959 kampuni ilinunuliwa na Wellcome, lakini jina la Cooper halikufutika. Huku Afrika Mashariki bado linajulikana, hasa Kenya, kwenye maduka ya pembejeo za mifugo.

Hata hivyo, dawa yake ilikuwa na ubaya wake. Aseniki ni sumu kali kwa mtu na kwa mnyama, na aliyekosea kipimo aliweza kuua kundi alilotaka kuliponya. Aidha, mwishoni mwa miaka ya 1930 huko Afrika Kusini kupe walianza kuizoea, majosho yakawa hayawaui tena. Aseniki ikaachwa, zikaja dawa nyingine.

Uingereza iliutokomeza upele wa kondoo mwaka 1952, miaka 100 baada ya unga wa Cooper. Lakini ushindi huo haukutokana na dawa peke yake. Sheria iliwalazimisha wafugaji wote kuogesha, kwa sababu kundi moja lisilotibiwa huwarudishia jirani zake ugonjwa. Mwaka 1973 upele ulirejea.

Maisha ya Cooper yana somo kwa mfugaji wa leo: dawa yake ilifaulu kwa sababu ililenga adui aliyejulikana. Si kila muwasho ni utitiri. Viraka vya mviringo visivyo na manyoya kwa ndama au paka huenda vikawa choa, ambayo ni kuvu na huambukiza watoto. Dawa ya utitiri haiponyi choa. Bwana mifugo hutofautisha kwa kukwangua ngozi pembezoni mwa kidonda na kuitazama kwa hadubini.

Sindano ya ivamektini, iliyoanza kutumika kwa mifugo mwaka 1981, huua utitiri bila josho. Lakini maziwa na nyama visitumiwe mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa. Dawa nyingi za kuogesha haziui mayai, hivyo mnyama hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14, naye aliye mgonjwa hutengwa.

Jambo moja la hatari ni kumwogesha paka kwa dawa ya kupe ya ng'ombe. Nyingi zina pemethrini au dawa za jamii yake, ambazo ng'ombe huzihimili lakini paka hutetemeka, hukakamaa na huweza kufa.

Gharama ya kupimisha ngozi ya mbuzi mmoja huonekana kubwa siku ile inapolipwa. Ilinganishwe na chupa ya dawa isiyohusika, pamoja na mbuzi watano ambao watakuwa wameshaambukizwa chupa hiyo itakapomalizika.