Mungu Hakumkataa Mama Zélie



Wako Wakristo wengi wanaodhani kwamba wito ni jambo la mapadre na masista tu. Sisi wenye ndoa hujiona kama watu waliochelewa, wakakuta nafasi zimekwisha. Katika mafundisho ya ndoa nimewasikia wengi, waume kwa wake, wakisema kwamba hawafai mbele ya Mungu, na kwamba kulea watoto katika imani kunawashinda. Leo tutazame maisha ya mama mmoja aliyekuwa na hofu hiyo hiyo. Huyo ni Zélie Martin, mama yake Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu.

Zélie Guérin alizaliwa tarehe 23 Desemba 1831, karibu na mji wa Alençon, nchini Ufaransa. Nyumbani kwao sala haikukosekana, lakini mama yake alikuwa mkali sana. Hata mwanasesere wa kuchezea hakuwahi kupata. Baadaye maishani aliandika kwamba utoto wake ulikuwa wa huzuni. Alikua akiwa na bidii nyingi na wasiwasi mwingi.

Alipokuwa msichana alitamani utawa, apate kuwahudumia wagonjwa. Akaenda na mama yake kwa Masista wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo mjini Alençon. Mama mkuu alimsikiliza, kisha akamwambia wazi kwamba hayo si mapenzi ya Mungu kwake. Hebu fikiria uchungu wa binti huyo njiani akirudi nyumbani! Akamwomba Mungu kwamba, kwa kuwa hakustahili kuwa mtawa, basi aolewe, apewe watoto wengi, na wote wawe mali ya Mungu.

Lakini hakukaa kitako akilia. Tarehe 8 Desemba 1851 alisikia moyoni kwamba ajifunze kutengeneza lesi ya Alençon. Lesi hii hushonwa kwa sindano na uzi mwembamba, kipande kidogo kidogo, kisha vipande huunganishwa. Zélie akafungua biashara yake, akaajiri wanawake walioshona makwao. Kazi ngumu ya kuunganisha vipande aliifanya mwenyewe.

Mjini humo aliishi Louis Martin, fundi wa saa, aliyezaliwa mwaka 1823. Yeye naye alikuwa amekataliwa. Mwaka 1845 aliomba kuingia monasteri ya Saint-Bernard katika milima ya Alpi, akaambiwa kwanza ajifunze Kilatini. Alijaribu, akashindwa kuendelea, akarudia saa zake. Watu hawa wawili waliofungiwa mlango walikutana kwenye daraja la mjini mwaka 1858. Miezi mitatu baadaye, usiku wa manane wa kuamkia tarehe 13 Julai, walifunga ndoa.

Siku ile ya arusi Zélie alimtembelea dada yake aliyekuwa mtawa mjini Le Mans, akalia sana. Si kwamba hakumpenda mumewe. Huzuni ya kukosa utawa ilikuwa imemrudia. Louis hakumkemea wala hakununa. Alimwelewa, kwa maana naye aliyajua hayo. Kwa muda wa miezi kumi hivi waliishi kama kaka na dada, wakidhani kwamba hiyo ndiyo njia ya kumpendeza Mungu zaidi. Ndipo padre mmoja akawashauri wasiogope kuishi ndoa yao kikamilifu. Walitii, na tangu hapo wakatamani watoto wengi.

Walipata watoto tisa. Wanne walikufa wadogo: Hélène wa miaka mitano, wavulana wawili, na Mélanie aliyezaliwa na kufa mwaka 1870. Mélanie alikuwa amepewa mama wa kumnyonyesha, naye hakumlisha vya kutosha. Mama yeyote aliyezika mtoto anajua maswali yanayokuja usiku.

Theresia alizaliwa tarehe 2 Januari 1873. Baada ya wiki chache naye akaanza kudhoofika, na daktari akasema kwamba bila kunyonya hataishi. Zélie hakuwa na maziwa. Alimjua Rose Taillé, mama mkulima wa kijiji cha Semallé, aliyewahi kuwanyonyesha wavulana wake. Alfajiri akashika njia kwa miguu, peke yake. Njiani alikutana na wanaume wawili, akaogopa, lakini hakurudi nyuma. Walipofika nyumbani na Rose, mtoto alionekana kama anakata roho. Zélie akapanda ghorofani, akapiga magoti mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu, akamwachia Mungu mapenzi yake. Aliposhuka, mtoto alikuwa ananyonya. Rose akamlea Semallé mwaka mzima.

Huyo ndiye Theresia aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1925. Asubuhi ile mama yake hakujua lolote kati ya hayo. Alijua tu kwamba mtoto ana njaa.

Louis naye tusimsahau. Mwaka 1870 aliuza duka lake la saa ili aisaidie biashara ya mkewe. Hakuona kwamba heshima yake kama mume imepungua.

Mtoto aliyemtia Zélie wasiwasi zaidi ni Léonie, aliyekuwa mgonjwa mara kwa mara na mgumu kulea. Zélie alijiona ameshindwa. Mwaka 1877 ikagunduliwa kwamba mfanyakazi wa nyumbani alikuwa akimtisha mtoto huyo kwa siri. Wakati huo Zélie mwenyewe alikuwa na saratani ya titi isiyoweza kupasuliwa. Akamvuta Léonie karibu naye, akamlea kwa upole kwa miezi iliyobaki. Mwezi Juni alikwenda kuhiji Lourdes, asipone. Alifariki tarehe 28 Agosti 1877, akiwa na miaka 45.

Hakuona matunda. Mabinti wake wote watano waliobaki walikuwa watawa. Léonie alijaribu mara tatu akarudi nyumbani, na mwaka 1899 akaingia mara ya nne, akabaki hadi kufa. Tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko aliwatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu pamoja, mume na mke.

Wapendwa, Zélie hakungoja hofu imwishe ndipo aitike. Alipoambiwa hapana hospitalini, alishika sindano. Alipoogopa njiani, aliendelea kutembea. Kutostahili kwake alimwachia Mungu, akafanya kazi iliyokuwa mbele yake siku hiyo. Nasi tufanye hivyo. Mungu alipotuita kwenye ndoa alitujua udhaifu wetu wote.

Ya kuzungumza nyumbani, mume na mke:

1. Je, yuko mtoto ambaye tumemkatia tamaa?
2. Ni woga gani ambao sijawahi kumweleza mwenzangu?
3. Mwenzangu akilia, mimi humwelewa kama Louis, au humkemea?

Baada ya mazungumzo, shikaneni mikono, msali pamoja Baba Yetu.