Dag Hammarskjöld na safari ya saa sita kutoka Léopoldville hadi Ndola

Msikilizaji wetu, kwa wakazi wa Ngara herufi UN si ngeni. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka daraja la Rusumo na kujaa Benaco, magari meupe ya Umoja wa Mataifa yalionekana kila upande. Leo tunamtazama mtu aliyeuongoza umoja huo zamani, akafa akitafuta amani kwa jirani zetu wa Kongo.

Dag Hammarskjöld alizaliwa Jönköping, Sweden, tarehe 29 Julai 1905. Baba yake aliwahi kuwa waziri mkuu wa nchi hiyo. Dag alisoma uchumi na sheria, akatumikia serikali, na hakuoa. Aprili 1953 akawa Katibu Mkuu wa pili wa UN. Mwaka 1956, wakati wa mgogoro wa mfereji wa Suez, alisimamia kuundwa kwa jeshi la kwanza la UN la kulinda amani.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye jimbo la Katanga, lenye utajiri wa shaba, likajitenga chini ya Moïse Tshombe. UN ikapeleka askari. Septemba 1961 askari hao walipopigana na wa Katanga, Hammarskjöld aliamua kwenda mwenyewe kuonana na Tshombe mjini Ndola, katika Zambia ya leo.

Kutoka Léopoldville, yaani Kinshasa, hadi Ndola kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 1,700. Ndege yake aina ya DC-6B ingeweza kufika kwa saa nne hivi. Lakini njia hiyo ilipita juu ya Katanga, ambako kulikuwa na ndege ya kivita iliyokuwa ikishambulia UN. Wasafiri wa Biharamulo na Ngara wanaokumbuka mabasi yakisubiri askari wa kuyasindikiza kupita msituni wanaielewa hofu hiyo. Hammarskjöld hakuwa na ndege ya kumsindikiza. Rubani akazunguka mashariki hadi Ziwa Tanganyika, kisha akageuka kusini.

Waliruka tarehe 17 Septemba saa 10:51 jioni. Saa 6:10 usiku kwa saa za Ndola, ambazo ziko mbele kwa saa moja, rubani aliarifu kwamba anaziona taa za uwanja. Zilikuwa zimepita zaidi ya saa sita angani. Ndege haikutua. Ilianguka msituni, kilomita 15 hivi kutoka uwanjani, na mabaki yakapatikana rasmi mchana wa siku iliyofuata. Watu 15 walikufa. Wa 16, mlinzi, alifariki hospitalini siku chache baadaye.

Mwaka huohuo Hammarskjöld alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani akiwa kaburini. Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru na kujiunga na UN, naye hayupo.

Serikali ya kikoloni ilimlaumu rubani, lakini wengi hawakuridhika. Tangu 2015 uchunguzi wa UN umeongozwa na Mtanzania, Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wetu. Ameeleza kuwa inawezekana ndege ilishambuliwa au kutishiwa, na amezitaka nchi zenye nyaraka za siri kuzifungua. Hadi zifunguliwe zote, familia za watu 16 hazitapata jibu kamili.