John Studebaker: Fundi wa Matoroli na Jina Lililozimika

Katika mji mdogo wa Placerville, jimbo la California nchini Marekani, kila mwaka wakati wa maonyesho ya wilaya watu hushindana mbio huku wakisukuma matoroli. Mgeni asiyejua habari atadhani kuwa huo ni mchezo wa kuchekesha tu. Kumbe ni ukumbusho wa kijana mmoja aliyefika mahali hapo mwaka 1853 akiwa na senti hamsini mfukoni, na akaondoka miaka mitano baadaye akiwa na dola 8,000. Kijana huyo alikuwa John Mohler Studebaker. Jina la ukoo wake ndilo lililopigwa chapa juu ya magari ya kukokotwa na farasi, na baadaye juu ya motokaa, kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, mpaka likazimika.

John alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1833 karibu na mji wa Gettysburg, jimbo la Pennsylvania. Baba yake alikuwa mhunzi na mtengenezaji wa magari ya farasi, mtu mcha Mungu wa madhehebu ya Ndugu Wabaptisti yenye asili ya Ujerumani, ambao imani yao inakataza vita. Mtoto huyu alipokuwa bado mdogo, baba alitengeneza gari kubwa kwa mikono yake mwenyewe, akapakia mke, watoto na vyombo vyote, akahamia Ohio kutafuta maisha. Utajiri hakuupata. Lakini aliwaachia wanawe watano, yaani Henry, Clement, John, Peter na Jacob, urithi wa aina mbili: ufundi wa chuma na mbao, na fundisho kwamba mtu asiwe na deni kwa mtu yeyote isipokuwa deni la upendo. Msomaji na alikumbuke fundisho hilo, maana tutalirudia mwishoni.

Mwezi Februari 1852, Henry na Clement walifungua karakana ya uhunzi katika mji wa South Bend, jimbo la Indiana. Mtaji wao wote ulikuwa dola 68 pamoja na zana zao za kazi. Wakati huo habari za dhahabu iliyogunduliwa California mwaka 1848 zilikuwa zimewatia watu wazimu, na vijana kwa maelfu walikuwa wakiacha majembe na kuelekea magharibi. John, aliyekuwa na umri wa miaka 19, naye hakukalika. Nauli hakuwa nayo. Basi akashirikiana na kaka zake kutengeneza gari moja imara, wakalitoa kwa msafara mmoja ili msafara nao umchukue na kumlisha njiani.

Safari ilichukua miezi kadhaa kuvuka mbuga, majangwa na milima. Inasimuliwa kuwa njiani kijana huyo alivutwa na wachezaji karata wajanja, wakamnyang'anya karibu fedha zote alizopewa nyumbani. Alipoingia Placerville mwezi Agosti 1853, mji ambao siku hizo uliitwa Hangtown, yaani mji wa vitanzi, kwa sababu ya wahalifu walionyongwa hapo, alikuwa na ile nusu dola tu.

Hapo ndipo bahati ilipomjia katika vazi la kazi. Mhunzi mmoja wa mji huo, jina lake Hinds, aliuliza kama miongoni mwa wageni yupo fundi wa magari. John akajitaja, lakini akakataa kazi, kwa kuwa alikuwa amekuja kuchimba dhahabu. Mtu mmoja aliyekuwa karibu akamshauri aipokee, kwa sababu dhahabu ilikuwa ya kubahatisha, bali ujira wa fundi ulikuwa wa hakika. John akasikia nasaha. Akapewa kazi ya kutengeneza matoroli 25, kwa dola 10 kila moja. Toroli la kwanza lilimchukua siku mbili, nalo halikuwa zuri la kutazamwa. La pili likawa bora, na la tatu bora zaidi. Wachimbaji wakaanza kuyatafuta, kwa maana mchimbaji anaweza kukosa dhahabu, lakini hawezi kukosa chombo cha kubebea mchanga. Tena hakuwa peke yake katika busara hiyo. Katika mji huohuo Philip Armour, ambaye baadaye alikuwa tajiri mkubwa wa nyama huko Chicago, alikuwa muuza nyama; na Mark Hopkins, mmoja wa wajenzi wa reli ya kwanza ya kuvuka Marekani, alikuwa muuza duka.

Kwa miaka mitano John aliranda mbao, akapinda vyuma na kuweka akiba. Mwaka 1858 akarudi South Bend na dola zake 8,000. Alikuta kaka zake wamefika njia panda. Mwaka mmoja kabla ya hapo walikuwa wamepata kazi ya kutengeneza magari 100 kwa ajili ya jeshi la Marekani, na wakaimaliza kwa wakati uliowekwa. Faida ilikuwapo, lakini dhamiri ya Henry ilimsumbua. Yeye alishikilia imani ya baba yao, na hakutaka jasho lake lisaidie vita. John akainunua sehemu ya Henry, na Henry akaenda zake kulima. Ndugu hawa hawakutukanana wala kushtakiana. Kila mmoja alifuata njia aliyoiona kuwa ya haki.

Fedha za matoroli ziliingia kwa wakati wake. Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Marekani, na jeshi la Muungano likahitaji magari kwa maelfu. Gettysburg yenyewe, karibu na mahali alipozaliwa John, ilikuwa uwanja wa pigano kubwa mwezi Julai 1863. Mtu yeyote aliyepita katika shule ya makadeti hufundishwa mapema kwamba ushujaa wa askari hauvuki mto bila chakula, risasi na dawa, na kwamba vitu hivyo havitembei kwa miguu yake. Gari linalovunjika gurudumu katikati ya tope linaweza kumponza kamanda kuliko hila za adui. Magari ya ndugu hawa yalisifiwa kwa sababu mbao zake zilikaushwa vizuri kabla ya kufanyiwa kazi, na magurudumu yake hayakulegea katika safari ndefu.

Baada ya vita sifa hiyo ilihamia kwa raia. Wakulima, wafanyabiashara na wahamiaji waliokwenda magharibi walilitafuta jina la Studebaker. Mwaka 1868 ndugu hao waliandikisha kampuni rasmi chini ya Clement. Moto uliunguza kiwanda mwaka 1872, na ukaunguza tena mwaka 1874. Kila mara wakajenga upya, tena kikubwa zaidi. Kabla ya karne kwisha, kampuni hiyo ilihesabiwa kuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote duniani wa magari ya kukokotwa na wanyama. Hata bara letu liliyaona, kwa kuwa jeshi la Uingereza liliyanunua kwa ajili ya vita dhidi ya Makaburu huko Afrika Kusini, vilivyoanza mwaka 1899.

Ndugu wakaondoka duniani mmoja baada ya mwingine: Jacob mwaka 1887, Henry mwaka 1895, Peter mwaka 1897, na Clement mwaka 1901. John akabaki peke yake, mzee wa karibu miaka 70, wakati ambapo chombo kipya chenye kelele na moshi kilikuwa kinaingia barabarani. Mkwewe, mwanasheria Frederick Fish, ndiye aliyehimiza kampuni igeukie motokaa. Ni vigumu kwa mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kutengeneza magari ya farasi kukubali kwamba farasi amekwisha. John alikubali, lakini kwa hatua za hadhari. Mwaka 1902 wakaanza na motokaa za umeme. Mwaka 1904 wakaleta za petroli, wakishirikiana na viwanda vya watu wengine. Na mwaka 1911 likaundwa Shirika la Studebaker, baada ya kununua kampuni ya Detroit iliyoitwa E-M-F.

Motokaa za E-M-F zilikuwa na kasoro nyingi, hata watu wakazitungia mizaha herufi hizo tatu. Kampuni ingeweza kunyamaza na kuzilaumu siku zilizopita. Badala yake ilituma mafundi waende kwa wanunuzi wasioridhika na kubadilisha vipuri vibovu, kazi iliyogharimu kiasi cha dola milioni moja. Hapo utaona mafundisho ya yule mhunzi mzee yalivyokuwa bado hai: jina lililo juu ya gari ni ahadi, na ahadi ni deni. Hata hivyo, tusimpambe mtu kuliko haki yake. Mwaka 1913, yeye akiwa bado ndiye mkuu wa ukoo, maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya Studebaker vya Detroit waligoma, nao huo unahesabiwa kuwa mgomo mkubwa wa kwanza katika viwanda vya motokaa vya Marekani. Mnunuzi alikuwa amekumbukwa upesi kuliko mfanyakazi.

John Studebaker alifariki South Bend mwezi Machi 1917, akiwa na miaka 83. Miaka mitatu hivi baadaye kampuni iliachana kabisa na magari ya farasi, na moyo wake wote ukawa katika motokaa. Rais wa kampuni alikuwa Albert Erskine, mtu wa mahesabu na mwenye tamaa kubwa ya makuu. Biashara ilipokuwa nzuri hakuna aliyemlaumu. Lakini mdororo mkubwa wa uchumi ulipoanza mwaka 1929, aliamini kuwa dhiki ingepita upesi, akaendelea kuwagawia wenye hisa fedha zilizozidi mara kadhaa faida iliyopatikana. Akiba ikaisha. Mwezi Machi 1933 kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi wa mahakama, na mwezi Julai Erskine akajiua.

Kampuni ilifufuka kwa juhudi za viongozi wapya, na vita vya pili vya dunia vikaipa heshima nyingine. Malori ya Studebaker ya magurudumu sita, yanayojulikana kama US6, yalitengenezwa karibu 200,000, na sehemu kubwa ilipelekwa Urusi ya Kisovieti, mengine yakipitia Uajemi. Yalibeba askari na vyakula katika theluji na matope, na juu ya mengi Warusi walifunga mitambo ya roketi za Katyusha. Kama vile magari ya mbao ya mwaka 1861, hayo nayo yalisifiwa kwa kutosaliti katika barabara mbaya.

Amani ndiyo iliyolishinda jina hilo. Mwaka 1950 kampuni ilitengeneza magari zaidi ya 300,000, na wengi wakadhani mlima umepandwa. Lakini General Motors na Ford walikuwa wakitengeneza kwa mamilioni, hivyo kila gari lao liliwagharimu kidogo. Nao walipoanza kushindana wao kwa wao kwa kupunguza bei, wadogo wakakosa hewa. Kiwanda cha South Bend kilikuwa kikuukuu na gharama zake zilikuwa juu. Mwaka 1954 Studebaker iliunganishwa na Packard, kampuni nyingine yenye sifa ya zamani. Wagonjwa wawili wakalala kitanda kimoja. Jina la Packard likafa mwaka 1958. Gari dogo liitwalo Lark lilileta nafuu ya muda, na gari la fahari liitwalo Avanti lilistaajabisha macho bila kujaza mfuko. Mwezi Desemba 1963, siku chache kabla ya Krismasi, kiwanda cha South Bend kikafungwa. Kazi ndogo iliyobaki huko Hamilton, nchini Kanada, ikakoma mwezi Machi 1966.

Hapa ndipo lile fundisho la deni linaporudi. Wafanyakazi wa South Bend walikuwa wameahidiwa pensheni. Kiwanda kilipofungwa ilibainika kuwa mfuko wa pensheni haukuwa na fedha za kutosha. Wastaafu, pamoja na wale waliofikia miaka 60, walilipwa stahili yao. Wapatao 4,000 wenye umri wa kati ya miaka 40 na 59, ambao wengi wao walikuwa wametoa ujana wao wote kiwandani, walipata kiasi cha asilimia 15 tu ya haki yao. Waliobaki hawakupata kitu. Kilio chao hakikupotea bure: kilikuwa hoja moja kubwa iliyolisukuma Bunge la Marekani kupitisha sheria ya mwaka 1974 ya kulinda pensheni, na kuunda shirika la serikali la kuzidhamini.

Watu hupenda kusema kwamba Studebaker iliuawa na wakubwa wa Detroit, na katika hilo upo ukweli. Lakini maisha ya fundi huyu wa matoroli yanatuonyesha jambo jingine. Jina lile lilijengwa na watu waliotimiza kazi kwa siku waliyoahidi na waliorudi kutengeneza kilichoharibika; likaanza kudhoofika siku ile wakuu walipogawa akiba ambayo haikuwa faida. Na deni la mwisho halikulipwa na waliolikopa, bali na mafundi wenye mikono migumu kama ile ya John mwenyewe. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Mwenye kiwanda, mwenye ofisi na mwenye cheo, sote tuna watu waliotukopesha miaka yao. Na tuhesabu leo, wangali na nguvu, kama kwenye mfuko wao mna kitu.