Barney Barnato: Aliyeshindwa vita vya hisa akatoka na fungu kubwa

MWEZI Machi mwaka 1888, katika mji wa Kimberley, Afrika Kusini, mvutano wa miezi kadhaa wa kuwania kampuni moja ya almasi ulifikia ukingoni. Hakuna risasi iliyofyatuliwa. Silaha zilikuwa hisa, mikopo na subira, na mtu aliyeshindwa, Barney Barnato, alitoka akiwa tajiri kuliko alivyoingia.

Zaidi ya karne imepita, lakini kisa chake kingali na maana kwa kila mwenye hisa, ziwe chache au nyingi, katika kampuni iliyopata mnunuzi ghafla. Wakati kama huo bei hupanda kwa kasi na mwanahisa hulazimika kuamua upesi: auze, ashikilie au anunue zaidi. Barnato alipitia njia hiyo na kutambua jambo ambalo wenzake wengi hawakulitambua. Kampuni inapowaniwa, bei ya hisa huacha kupima mali iliyomo, ikaanza kupima thamani ya kura.

Kutoka Whitechapel hadi Kimberley

Barnato alizaliwa London mwanzoni mwa miaka ya 1850 na kupewa jina la Barnet Isaacs. Familia yake ya Kiyahudi iliishi Whitechapel, mtaa wa makabwela mashariki mwa jiji hilo, ambako baba yake alikuwa muuza duka. Kijana huyo alisoma kwa muda mfupi tu kabla ya kuanza kujitafutia riziki. Kaka yake, Harry, alikuwa akifanya maonyesho ya mazingaombwe jukwaani, na jina la kisanii la Barnato likawaganda ndugu hao wawili maisha yao yote.

Harry ndiye aliyetangulia kwenda Afrika Kusini. Barney alimfuata mwaka 1873, wakati huo Kimberley ikiwa bado mji wa mahema, vumbi na matumaini. Almasi ilikuwa imetambuliwa katika nchi hiyo tangu mwaka 1867, na mwaka 1871 wachimbaji walivamia kilima kimoja ambacho baadaye kiligeuka kuwa Shimo Kubwa la Kimberley. Kila kitalu kilikuwa na ukubwa wa futi 31 kwa 31, na wenye vitalu walikuwa mamia.

Barnato hakuanza kwa kuchimba. Alianza kwa uchuuzi, akizunguka kwa wachimbaji mmoja mmoja na kununua mawe yao papo hapo. Kazi hiyo ilimfundisha kujua thamani ya jiwe, na zaidi ya hapo, kujua shida ya mwenye jiwe. Mwaka 1876, wachimbaji wengi walipofika kwenye udongo mgumu wa bluu na kudhani kwamba almasi imekwisha, akina Barnato walikusanya akiba yao na kununua vitalu vinne kwa pauni 3,000. Udongo ule wa bluu ndio uliokuwa chimbuko halisi la almasi.

Miaka michache baadaye alikuwa na kampuni yake mwenyewe ya uchimbaji. Katika mgodi jirani wa De Beers, mtoto wa mchungaji kutoka Uingereza, Cecil Rhodes, naye alikuwa ameunda kampuni yake mwaka 1880. Watu hao wawili walitofautiana karibu katika kila jambo. Rhodes alisoma Chuo Kikuu cha Oxford na kuota ndoto ya dola. Barnato alipenda ndondi, maigizo na utani, na hakuona haja ya kuzipa fedha kazi nyingine zaidi ya kuzaa fedha nyingine.

Kwa nini migodi iliwaniwa

Tatizo la almasi lilikuwa wingi wake. Kila kampuni ilipochimba zaidi ili kulipa madeni, ndivyo mawe yalivyofurika sokoni na bei kuporomoka. Kuta za mashimo nazo zilikuwa zikianguka, na wenye vitalu vidogo hawakumudu gharama za kwenda chini zaidi. Ilikuwa dhahiri kwamba atakayeshika migodi mikubwa miwili, De Beers na Kimberley, atapanga bei ya almasi duniani.

Kufikia mwaka 1887 Rhodes alikuwa ameunganisha mgodi wote wa De Beers chini ya kampuni yake. Katika mgodi wa Kimberley, kampuni ya Barnato ilijiunga na Kimberley Central, naye akawa miongoni mwa wanahisa wake wakubwa. Kikwazo kilichobaki ndani ya mgodi huo kilikuwa kampuni iliyojulikana kwa kifupi kama Kampuni ya Wafaransa, ambayo vitalu vyake vilikatiza vile vya Kimberley Central.

Rhodes alisafiri hadi London, akapata msaada wa pauni milioni moja kutoka benki ya Rothschild, kisha akaahidi kuwalipa wanahisa wa Kampuni ya Wafaransa pauni milioni 1.4. Kimberley Central nayo ikapanda dau, ikiahidi pauni 300,000 au zaidi juu ya kiasi hicho. Kama mashindano yangeendelea, wanahisa wa Paris wangechekelea na wanunuzi wote wawili wangeumia.

Hapo Rhodes akatoa pendekezo lililoonekana kuwa la kujishusha. Aachiwe ainunue Kampuni ya Wafaransa kwa bei yake ya awali, kisha aiuze kwa Kimberley Central. Malipo yake yangekuwa pauni 300,000 taslimu na moja ya tano ya hisa za Kimberley Central. Barnato alikubali. Kwa hesabu ya kawaida alikuwa amepata alichokitaka, yaani mgodi wote wa Kimberley, tena kwa bei nafuu. Moja ya tano ya hisa haiwezi kuzishinda nne za tano.

Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa sharti moja tu: kwamba zile nne za tano zingebaki mikononi mwa watu wa Barnato.

Bei inayopanda, ngome inayobomoka

Akiwa tayari na mguu mmoja ndani ya nyumba, Rhodes, kwa msaada wa mfanyabiashara wa almasi Alfred Beit, ambaye alijitolea pauni 250,000 za kwake, alianza kununua hisa za Kimberley Central popote zilipopatikana. Barnato naye akanunua. Bei ya hisa moja, iliyokuwa takriban pauni 14, ilipaa hadi kufikia takriban pauni 49. Wakati huohuo kampuni hizo mbili zilikuwa zikishindana kuuza mawe, na bei ya almasi ikashuka hadi shilingi 18 kwa karati.

Mambo hayo mawili yakitazamwa pamoja, ukweli wa soko hujidhihirisha. Bidhaa ya kampuni ilikuwa ikishuka thamani huku hisa zake zikipanda zaidi ya mara tatu. Bei ya pauni 49 haikuwa ikilipia almasi. Ilikuwa ikilipia haki ya kuamua hatima ya kampuni, na haki hiyo ingekoma kuwa na soko siku ile mmoja wa wagombea atakapopata wingi wa kura.

Wanahisa wengi wa Kimberley Central, wakiwamo watu ambao Barnato aliwahesabu kuwa wa upande wake, hawakuweza kuvumilia kishawishi hicho. Waliuza. Ni vigumu kuwalaumu, maana walipata faida kubwa ambayo almasi zenyewe zisingewapa mwaka huo. Lakini kila aliyeuza alimwongezea nguvu Rhodes na kuwapunguzia waliobaki uwezo wa kudai bei nzuri. Kufikia Machi 1888, upande wa Rhodes ulikuwa na takriban tatu ya tano ya hisa zote.

Barnato alikuwa bado na fungu kubwa, lakini lisingeweza tena kuzuia lolote. Angeweza kung'ang'ania na kubaki mwanahisa mdogo katika kampuni inayoongozwa na mpinzani wake. Angeweza pia kuuza wakati ule fungu lake lilipokuwa bado linahitajika ili mambo yaishe kwa amani. Alichagua njia ya pili, lakini hakupokea fedha taslimu. Alibadilisha hisa zake kwa hisa za kampuni mpya, De Beers Consolidated Mines, iliyosajiliwa mwezi huohuo.

Masharti yake yalikuwa manono. Alifanywa mmoja wa magavana wanne wa maisha, pamoja na Rhodes, Beit na Philipson Stow, wenye haki ya kugawana sehemu ya faida baada ya wanahisa kupata gawio lao. Kati ya wanne hao, ni yeye aliyekuwa na hisa nyingi kuliko wote katika kampuni mpya. Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa mbunge katika Bunge la Koloni la Cape. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka ukali wa vita hivyo, wakiona kwamba Barnato alishirikiana na Rhodes mapema kuliko simulizi maarufu zinavyodai. Hata kama ni hivyo, fungu alilotoka nalo ni lilelile.

Wanahisa wachache waenda mahakamani

Hata hivyo, wapo waliokataa. Kundi dogo la wanahisa wa Kimberley Central lilifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Koloni la Cape, likitaja hati ya kuundwa kwa kampuni yao. Hati hiyo iliruhusu kuungana na kampuni inayofanana nayo tu. Kimberley Central ilikuwa kampuni ya kuchimba almasi, wakati De Beers mpya, kwa shinikizo la Rhodes, ilikuwa imejipa mamlaka ya kufanya karibu kila kitu, hata kujitwalia maeneo ya nchi na kuyatawala.

Mwezi Agosti 1888 mahakama ilikubaliana nao kwamba kampuni hizo hazifanani. Ulikuwa ushindi mkubwa kwa watu wachache, lakini haukudumu. Rhodes na Barnato, wakiwa na wingi wa kura, waliamua Kimberley Central ivunjwe na mali yake iuzwe. Mnunuzi akawa De Beers, kwa hundi ya pauni 5,338,650 iliyoandikwa tarehe 18 Julai 1889. Wachache hao walishinda kesi wakapoteza kampuni, ingawa kwa ukaidi wao mali ile iliuzwa kwa bei iliyojulikana wazi na kulipwa kwa hundi.

Katika mazungumzo yote hayo, waliochimba hawakuwa na kiti. Wachimbaji Waafrika waliishi katika kambi zilizofungwa, wasiweze kutoka hadi mkataba uishe. Julai 1888, miezi minne tu baada ya De Beers mpya kuundwa, moto katika mgodi wa De Beers uliua watu zaidi ya 200, wengi wao wakiwa Waafrika. Kisha kampuni iliyotwaa migodi yote ilipunguza uchimbaji ili kupandisha bei, na wengi wakakosa kazi.

Somo lililosahauliwa

Barnato alihamishia nguvu zake kwenye dhahabu ya Johannesburg, ambako mwaka 1889 alianzisha kampuni ya uwekezaji iliyokuja kuitwa JCI. Mwaka 1895 hisa za dhahabu zilipamba moto London, naye akaingiza sokoni kampuni iliyojulikana kama Benki ya Barnato. Umma uligombea hisa zake bila kujua vyema zinasimamia mali gani. Safari hii hakukuwa na mpinzani aliyehitaji kura za mtu. Kilichopandisha bei kilikuwa jina la Barnato peke yake. Soko lilipoanguka mwishoni mwa mwaka huo, alitumia fedha nyingi kununua hisa ili kuzuia anguko, bila mafanikio.

Afya yake ilidhoofika, akazidi kunywa pombe na kuandamwa na hofu. Tarehe 14 Juni 1897, akiwa safarini kwenda Uingereza katika meli iitwayo Scot, alitumbukia baharini karibu na kisiwa cha Madeira. Mwili wake ulipatikana, na uchunguzi uliofanyika Southampton uliamua kwamba alikufa maji akiwa amerukwa na akili kwa muda.

Kampuni aliyosaidia kuizaa iliishi zaidi yake. Kivuli chake kilifika hadi Shinyanga, pale De Beers na Serikali ya Tanganyika ziliponunua mgodi wa Mwadui nusu kwa nusu mwaka 1958, baada ya kifo cha mwasisi wake, John Williamson.

Sheria nazo zimebadilika. Rhodes aliweza kununua kimyakimya, huyu akimlipa pauni 20 na yule 40. Nchini Kenya, kanuni za kutwaa kampuni zilizotungwa mwaka 2002 zilimtaka anayefikisha udhibiti wa kampuni iliyo sokoni, kiwango kilichowekwa kuwa asilimia 25 ya kura, awape wanahisa wengine wote nafasi ya kuuza. Wanahisa wadogo wa Kimberley Central hawakuwa na kinga kama hiyo. Walikuwa na hati ya kampuni yao tu, na waliofaidika nayo ni wale wachache walioisoma.