FLINDERS PETRIE NA VIPANDE VYA NYUNGU

Mara hii tunawaletea maisha ya bwana mmoja aliyefanya kazi na vitu ambavyo sisi tunatupa. Nyungu ikipasuka kwetu, mama anatupa vipande nyuma ya nyumba, basi. Ayubu alipata kigae cha kujikunia tu. Petrie alipata ndani yake kalenda.

William Matthew Flinders Petrie alizaliwa mwaka 1853 huko Charlton, karibu na London, Uingereza. Mama yake alikuwa binti wa Matthew Flinders, yule kapiteni aliyezunguka Australia kwa merikebu. Mtoto alikuwa mgonjwa-mgonjwa, kwa hiyo hakukaa kwenye benchi ya masomo. (Wenzetu wa kalasi ya kwanza wasifurahi mbio: baba yake alimfundisha nyumbani kupima ardhi na majengo, na ile haikuwa mchezo.)

Mwaka 1880 alikwenda Misri kupima piramidi kubwa ya Giza. Wakati ule kulikuwa watu, tena Wakristo wenye bidii, waliosema kwamba vipimo vya piramidi vinaficha unabii. Baba yake mwenyewe aliamini vile. Petrie alilala ndani ya kaburi la kale, akapima, akarudia kupima, na alipotoa kitabu mwaka 1883 ikaonekana kwamba hesabu zile hazisimami. Alimheshimu baba, lakini kipimo hakukigeuza.

Nyuma ya pale akaanza kuchimba. Wachimbaji wengi wa siku zile walitafuta sanamu na dhahabu, vigae waliviacha. Petrie aliona namna ingine. Sanamu ya mfalme watu wanaitunza miaka mia na mia, lakini nyungu ya maskini inapasuka upesi, wanafinyanga ingine, na kidogo kidogo mdomo wake, mikono yake na rangi yake vinabadilika. Basi ukijua nyungu, unajua udongo ulioifunika ni wa wakati gani. Mwaka 1890 alionyesha hivyo Palestina, kwenye kilima cha Tell el-Hesi, kwa majuma machache tu. Mwaka 1892 akafanywa profesa kule London, yeye asiye na diploma.

Halafu likaja kosa lake. Mwaka 1894 mpaka 1895, huko Naqada, alifungua makaburi kupita 2000 yenye nyungu nyekundu za mdomo mweusi, ambazo hakuzifahamu. Akasema: hawa si Wamisri, ni taifa jipya lililoingia kutoka inje. Alikuwa na mawazo kwamba mabadiliko makubwa yanaletwa na wageni, na juu ya mataifa ya watu alifikiri mambo ambayo sisi hatuwezi kuyakubali. Mfaransa Jacques de Morgan akaeleza kwamba hawa ni Wamisri wenyewe, wa kabla ya Farao wa kwanza. Petrie hakupenda kusikia. Mwishoni akakubali.

Na zile zile nyungu zilizomwangusha akazifanyia kazi yake kubwa kuliko zote. Aliandika vitu vya kila kaburi kwenye kipande cha karatasi, makaburi karibu 900, akavipanga na kuvipanga tena. Nyungu moja ilimwongoza: mwanzoni ni ya mviringo na ina mikono ya mawimbi ya kushikia, baadaye inakuwa nyembamba, mikono inapungua, mpaka inabaki mstari tu wa pambo. Akatoa namba 30 mpaka 80, na zile za chini akaziacha wazi, kama kukivumbuliwa vitu vya zamani zaidi. Vikavumbuliwa kweli.

Tusisahau wafanyakazi wake. Aliwalipa kwa kila kitu walichokiona, hata kidogo, ili wasiuzie wachuuzi. Watu wa kijiji cha Quft walijifunza kwake mpaka wakawa mafundi waliotafutwa na wachimbaji wengine, na Ali Suefi alikuwa na jicho ambalo Petrie alilitegemea miaka mingi. Lakini juu ya vitabu jina ni la Petrie.

Alikufa Yerusalema mwaka 1942, akazikwa katika makaburi ya Waprotestanti kwenye mlima Sayuni. Mwili tu. Siku zake alikuwa amekusanya mafuvu mengi ya watu ili wataalamu wayapime, na kichwa chake mwenyewe alikitoa kwa waganga wapasuaji wa London. Kilipelekwa kule vita ilipokwisha.